Barragán, mjenzi aliyeficha rangi nyuma ya ukuta wa kijivu

MGENI anayefika kwa mara ya kwanza katika mtaa wa General Francisco Ramírez, eneo la Tacubaya jijini Mexico City, hupata shida kuamini kwamba amefika. Amesafiri mbali kuja kuona nyumba inayosifiwa dunia nzima kwa rangi zake. Badala yake anakuta ukuta wa lipu ya kijivu, mlango wa kawaida na madirisha machache, vyote vimepangana na nyumba nyingine za mtaa wa watu wa kawaida. Hakuna bustani ya mbele wala nguzo za fahari. Asiyeelekezwa huipita nyumba hiyo bila kugeuka.

Ndivyo mwenyewe alivyotaka. Luis Barragán, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri zaidi waliopata kutoka Amerika ya Kilatini, alijijengea nyumba hiyo, akaikamilisha mwaka 1948 na kuishi humo kwa miaka 40, hadi kifo chake Novemba 22, 1988. Leo ni makumbusho. Mwaka 2004 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ileile yenye Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu. Wageni hukata tiketi mapema kwa intaneti, huingizwa kwa makundi madogo, na anayetaka kupiga picha hulipia kibali cha ziada.

Katika maisha ya mtu huyu kuna mambo mawili ambayo mfanyabiashara yeyote atayaelewa bila kufundishwa. La kwanza ni jinsi alivyochukua vitu ambavyo watu wa kwao walivizoea hadi wakaviona havina bei, akavipa bei. La pili ni yaliyozipata karatasi zake baada ya yeye kufa.

Mtoto wa shambani

Barragán alizaliwa Machi 9, 1902 katika mji wa Guadalajara, makao makuu ya jimbo la Jalisco, magharibi mwa Mexico. Familia yake ilikuwa ya Kikatoliki na yenye uwezo, ikimiliki shamba kubwa la mifugo karibu na Mazamitla, kijiji cha milimani. Huko alijifunza kupanda farasi, mapenzi yaliyodumu naye maisha yake yote. Huko pia aliona nyumba za kuta nene zilizopakwa chokaa, mapaa ya vigae yaliyoning'inia hadi njiani, na maji yaliyosafirishwa kwa mifereji ya magogo yaliyochongwa matundu, ikipita juu ya vichwa vya watu kutoka ua mmoja hadi mwingine. Kwa wanakijiji hiyo ilikuwa njia ya kupata maji tu. Miaka mingi baadaye, maji yakidondoka kutoka kwenye mfereji ulio juu ya ukuta yangekuwa alama mojawapo ya kazi zake.

Alisomea uhandisi Guadalajara na kuhitimu mwaka 1923. Shahada ya usanifu majengo hakuwahi kuipata. Elimu yake ya usanifu aliikusanya mwenyewe, kwa kusoma, kusafiri na kutazama.

Safari iliyomfungua macho ilikuwa ya Ulaya, katikati ya miaka ya 1920. Mjini Paris alizuru maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo ya mwaka 1925, akazifahamu kazi za Ferdinand Bac, mchoraji na mbunifu wa bustani aliyeandika na kuchora kuhusu bustani za pwani ya Mediterania. Hispania alitembelea Alhambra, kasri la watawala Waislamu wa Granada. Pale aliona jengo lisilojigamba kwa nje, ambalo uhai wake wote uko ndani, kwenye nyua, kivuli na maji. Msomaji anayezijua nyumba za kale za Lamu hatashangazwa na mpangilio huo, maana nazo huipa barabara ukuta mtupu na kuweka maisha uani.

Aliporudi Guadalajara alijenga nyumba za matajiri wa mji, zenye matao, vigae na vivuli vya mbao. Mojawapo, iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya familia ya González Luna, bado imesimama na sasa ni kituo cha utamaduni cha chuo kikuu. Kama angeishia hapo, angekumbukwa kama fundi mzuri wa mji wake tu.

Mwaka 1931 alisafiri tena. New York alikutana na mchoraji wa Mexico, José Clemente Orozco. Ufaransa alikutana na Bac mwenyewe, na pia na Le Corbusier, msanifu aliyekuwa akihubiri nyumba za zege, za paa bapa na madirisha marefu, zisizo na mapambo. Barragán alirudi na mafunzo ya pande zote mbili, bustani za mmoja na zege la mwingine.

Miaka ya kujenga ili kuuza

Katikati ya miaka ya 1930 alihamia Mexico City. Jiji lilikuwa likipanuka, watu wakimiminika kutoka mikoani, na mwenye mtaji mdogo aliweza kununua kiwanja, kujenga na kuuza. Barragán aliingia kazini kwa nguvu. Ndani ya miaka michache alisimamisha nyumba na majengo ya kupangisha, meupe, bapa, ya mtindo wa kisasa uliokuwa ukiuzika. Alijua bei ya ardhi, alijua mteja anataka nini, akapata fedha.

Lakini ilipofika mwaka 1940 alichoka. Aliamua kuacha kufanya kazi kwa kuagizwa na wateja. Akanunua ardhi Tacubaya, wakati huo pembeni mwa jiji, akaanza kutengeneza bustani zake mwenyewe. Hapo alijenga nyumba ya kwanza ya kuishi, ambayo baadaye aliiuza kwa mfua fedha, kisha akahamia kiwanja cha jirani na kujenga ile ambayo wageni wanaizuru leo.

Asiyemjua angedhani amestaafu. Kumbe alikuwa anatafuta mtaji wa namna nyingine.

Mawe yaliyogeuka mali

Kusini mwa jiji kulikuwa na uwanda mpana wa mawe meusi, uliofunikwa na lava ya volkano ya Xitle iliyolipuka karne nyingi zilizopita. Waliuita El Pedregal, yaani mahali pa mawe. Ardhi hiyo haikulimika kwa jembe, haikupitika kwa gari na ilijulikana kwa nyoka. Bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Wachoraji, akiwamo Diego Rivera, walikuwa wameanza kuvutiwa na uzuri wa mahali pale. Barragán aliuona uzuri huo, akaona pia biashara. Mwaka 1945, pamoja na washirika wake, alianza kuugeuza uwanda ule kuwa mtaa wa makazi. Badala ya kuvunja mawe yote na kusawazisha, alichora barabara zikifuata mikunjo ya lava. Kuta na ngazi alizijenga kwa mawe yaleyale. Maua na mimea iliyokuwa imejiotea mianyani aliiacha ibaki. Masharti yalimtaka mnunuzi ajenge sehemu ndogo tu ya kiwanja chake na kuacha mawe yaonekane. Kwenye lango la mtaa aliweka uwanja wenye maji na sanamu, na kabla ya wateja kuzoea wazo lenyewe alijenga nyumba za mfano ili waingie waone kwa macho yao.

Mauzo yalikwenda vizuri. Serikali ikajenga chuo kikuu cha taifa kwenye uwanda uleule wa lava, na bei ikapanda. Mapema miaka ya 1950 Barragán alijitoa katika mradi. Kilichofuata kinajulikana katika kila jiji ambako ardhi imepanda bei ghafla. Viwanja vilikatwa vipande vidogo zaidi, masharti yakalegea, na nyumba nyingi za mwanzo zikabomolewa kupisha kubwa zaidi. Atakayezuru Pedregal leo atakuta mtaa wa watu wenye nazo, na mabaki machache ya alichokusudia.

Faida aliyoipata ilimpa uhuru wa kuchagua kazi, na baada ya hapo hakujenga mengi. Anakumbukwa zaidi kwa hayo machache.

Ndani ya nyumba

Kutoka mlango wa mtaani mgeni haingizwi moja kwa moja sebuleni. Kwanza anapita chumba chembamba chenye mwanga hafifu wa manjano, sakafu ya jiwe jeusi la volkano na benchi la mbao. Hapo macho yanasahau jua la barabarani. Kisha mlango wa pili unafunguka na ukuta wa rangi ya waridi iliyokolea unamkabili ghafla, katika ukumbi mweupe. Juu ya ngazi umetundikwa ubao uliopakwa dhahabu, kazi ya Mathias Goeritz, mchongaji aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Mexico. Mwanga wa dirisha unapougusa, ukumbi wote unapata rangi ya asali. Ngazi zenyewe ni za jiwe lilelile jeusi, na hazina pa kushika.

Sebule ina dari refu lenye mihimili ya mbao. Kuta fupi, zisizofika juu, zinaigawa sehemu ya kukaa, ya kusoma na ya kuandika, ili mtu asiione yote kwa mara moja. Mwisho wake kuna dirisha kubwa linalotazama bustani. Kioo chake kimezamishwa ndani ya kuta, sakafu na dari, fremu haionekani, na vyuma viwili vinavyokikata katikati vinafanya msalaba. Bustani yenyewe Barragán aliiacha ijiotee, na leo inafanana na kichaka kuliko bustani ya kifahari.

Katika maktaba kuna ngazi nyingine, pengine iliyopigwa picha kuliko zote duniani za aina yake. Ni mbao nene zilizochomekwa ukutani mfano wa rafu, bila nguzo chini wala mkono wa kushikilia, zikielekea kwenye mlango mdogo.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi huliacha lipite. Picha maarufu ya miraba ya rangi, mojawapo ya mfululizo wa Josef Albers, si kazi ya asili. Ni nakala. Barragán alikuwa na uwezo wa kununua vitu vya thamani, na vitu vya kale vya Mexico alivinunua. Ila pale alipohitaji rangi fulani mahali fulani, nakala ilimtosha.

Ghorofani kuna chumba chake cha kulala, kidogo kwa mtu mrefu kama yeye na chenye samani chache kama cha mtawa. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Alikuwa mcha Mungu, aliyempenda hasa Mtakatifu Fransisko wa Asizi kwa umaskini wake wa hiari, ingawa yeye mwenyewe alivaa vizuri na kupanda farasi wa bei. Katika chumba cha wageni, dirisha limefungwa kwa vibao vinne vya mbao. Vikiachwa wazi kidogo tu, mwanga wa asubuhi hupenya kwa umbo la msalaba.

Juu kabisa kuna baraza ya paani. Mwanzoni mtu aliweza kuegemea pale na kutazama bustani. Barragán akainua kuta mwaka baada ya mwaka hadi zikaziba bustani, majirani na barabara. Kilichobaki ni kuta za rangi, moja ya waridi, nyingine ya udongo mwekundu, nyingine nyeupe, na mbingu juu. Nyumba nzima ina mita za mraba 1,161, chini na ghorofa mbili, na mwenyewe hakuacha kuibadilisha hadi nguvu zilipomwishia.

Rangi za sokoni

Wasanifu wa kisasa wa wakati wake walipenda nyeupe. Rangi kali ziliachiwa vijiji, masoko na sherehe za makanisani. Aliyemfundisha Barragán kuzitazama upya ni mzee wa Guadalajara, Jesús Reyes Ferreira, ambaye watu walimwita Chucho. Reyes alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Karatasi laini za kufungia bidhaa za wateja wake alizichora majogoo, farasi na maua kwa rangi za sherehe, hadi karatasi za kufungia zikatafutwa kuliko baadhi ya vilivyofungwa. Baadaye alitambuliwa kuwa mchoraji kamili. Kwa miaka mingi Barragán hakuamua rangi ya ukuta bila kumshirikisha.

Rangi haikuchaguliwa mezani. Ukuta ulijengwa kwanza. Kisha mbao au makaratasi makubwa yaliyopakwa rangi yaliegemezwa juu yake na kutazamwa asubuhi, mchana na jioni, jua likihama. Ikionekana haifai, inabadilishwa. Waridi ile iliyokolea, ambayo leo dunia inaihusisha na jina la Mexico, ilikuwa tayari kwenye maua ya bogenvilia, kwenye shali za wanawake na kwenye meza za masoko. Barragán aliichukua akaipaka kwenye kuta za nyumba za matajiri, na matajiri wakailipia.

Safari zake ziliendelea kumlisha. Mapema miaka ya 1950 alizuru Morocco, ambako kuta za udongo na miji isiyo na madirisha ya nje zilimwonyesha tena alichokiona Alhambra akiwa kijana.

Minara, watawa na farasi

Kazi zilizofuata zinahesabika kwa vidole. Tlalpan, kusini mwa jiji, alijenga kanisa dogo la watawa Wakapuchini katika miaka ya 1950. Sehemu kubwa ya gharama aliibeba mwenyewe, akafanya kazi polepole bila kubanwa na mtu. Ndani yake mwanga wa manjano na wa chungwa unaangukia madhabahu kutoka kwenye dirisha ambalo waumini hawalioni.

Mwaka 1957 na 1958, yeye na Goeritz walisimamisha minara mitano ya zege kaskazini magharibi mwa jiji, katikati ya barabara kuu. Haina ofisi wala wakazi. Mrefu kuliko yote unazidi mita 50. Ilijengwa kuutangaza mradi mpya wa makazi wa Ciudad Satélite, ili dereva aione kutoka mbali na kujua viwanja viko wapi. Lilikuwa bango la biashara, nalo limegeuka alama ya jiji. Hata hivyo, minara hiyo iliacha kidonda. Wawili hao waligombana juu ya nani hasa aliyebuni, na urafiki wao ukavunjika.

Katikati hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 alijenga makazi na mazizi ya farasi yanayojulikana kama Cuadra San Cristóbal. Kuta ndefu za waridi zinazunguka bwawa pana ambamo farasi huingia na kunywa, na maji yanamiminika kutoka kwenye ukuta mwekundu, kama yale ya magogo ya Mazamitla. Na katikati ya miaka ya 1970, akiwa amevuka miaka 70, alikubali kujenga nyumba ya Francisco Gilardi kwenye kiwanja chembamba cha mjini. Palikuwa na mjakaranda mkubwa. Badala ya kuukata, aliupangia nyumba iuzunguke. Korido inayoelekea bwawa la ndani imejaa mwanga wa manjano, na bwawani kuna ukuta mwekundu unaosimama ndani ya maji mbele ya kuta za buluu.

Umaarufu wa nje ulimfikia akiwa mzee. Mwaka 1976 jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York lilimwandalia maonyesho. Mwaka 1980 akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu majengo huifananisha na Nobel, akiwa mtu wa pili kuipata tangu ilipoanzishwa. Wakati huo ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson ulikuwa umeshaanza kumnyang'anya mikono.

Karatasi zavuka bahari

Alipofariki, urithi wake uligawanyika. Nyumba ya Tacubaya hatimaye ilinunuliwa na serikali ya jimbo la Jalisco pamoja na taasisi ya wasanifu wa Guadalajara, na mwaka 1994 ikafunguliwa kwa umma. Lakini ramani zake, michoro, barua za kazi, picha na haki zilizoambatana navyo alikuwa amemwachia mshirika wake wa kazi, Raúl Ferrera. Ferrera naye alifariki mwaka 1993. Familia yake ikauza, na shehena yote ikaingia mikononi mwa mfanyabiashara wa sanaa wa New York.

Mwaka 1995 mnunuzi akapatikana. Alikuwa Rolf Fehlbaum wa kampuni ya samani ya Vitra ya Uswisi. Karatasi za Barragán zikavuka bahari hadi Birsfelden, karibu na mji wa Basel, ambako taasisi yenye jina lake iliundwa ikiongozwa na mwanahistoria wa usanifu, Federica Zanco. Muuzaji alikuwa na mali, mnunuzi alikuwa na fedha, na biashara ikafanyika.

Taasisi hiyo ilipanga michoro, ikaitunza katika hali nzuri na kuchapisha vitabu. Ila kwa miaka mingi watafiti walilalamika kwamba mlango wake ni mgumu kufunguka. Aliyetaka kuchapa picha ya kazi za Barragán alilazimika kuomba idhini Uswisi, hata kama jengo lenyewe lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake jijini Mexico City. Wanafunzi wa usanifu wa Mexico waliweza kuugusa ukuta, lakini si ramani iliyouzaa. Miaka ya karibuni hazina hiyo imehamishiwa kwenye viwanja vya Vitra huko Weil am Rhein, upande wa Ujerumani wa mpaka uleule, na watafiti wanapokewa zaidi kuliko zamani. Mexico haijarudi.

Kisa kilichotikisa wengi kilitokea mwaka 2015. Msanii wa Marekani, Jill Magid, kwa ridhaa ya jamaa wa marehemu na mamlaka za Jalisco, alifungua kaburi la Barragán katika uwanja wa mashujaa wa jimbo mjini Guadalajara. Alichukua gramu 525 za majivu yake na kuweka badala yake farasi wa fedha mwenye uzito uleule. Majivu yakapelekwa maabara na kugeuzwa almasi ya karati 2.02, ikawekwa kwenye pete. Mwaka 2016 Magid alimkabidhi Zanco pendekezo lake: apokee pete, naye airudishe hazina ya karatasi Mexico na kuifungua kwa umma. Pendekezo halikukubaliwa. Nyumbani kwa Barragán baadhi ya wasomi na wasanii walikasirika, wakiona mwili wa marehemu umegeuzwa bidhaa ya kubadilishana. Wengine walisema angalau sasa kila mtu anajua karatasi ziko wapi.

Mfanyabiashara anayeishi kwa stakabadhi na fomu za forodha anaijua tofauti kati ya kuwa na mali na kuwa na hati ya mali. Barragán alijua bei ya mawe kuliko mtu yeyote wa kizazi chake. Aliweka sheria ya kila ukuta wa Pedregal, lakini karatasi zake aliziacha mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka hapakuwa na kanuni ya kuzishika zibaki. Nyumba ilibaki kwa sababu haifungashiki kwenye sanduku, na kwa sababu kulikuwa na waliotoa fedha kuinunua kabla hajaja mwingine.

Ziara huishia chini kule ilikoanzia. Mgeni anapita tena chumba chenye mwanga wa manjano, anaukanyaga tena ule mwamba mweusi ambao zamani haukuwa na mnunuzi, na mlango unafungwa nyuma yake. Barabarani jua ni kali, na ukuta ni wa kijivu kama alivyouacha. Kundi lingine limeshapanga foleni, tiketi mkononi.